Kiti cha Nyuma chenye Joto katika Gari la Zamani: Umeme Utoke Wapi, Upite Wapi

Anayeijua Dodoma ya Oktoba, jua linapochoma usukani hadi mkono ukaogopa kuushika, atashangaa kusikia mtu wa huku akizungumzia kupasha joto viti vya gari. Lakini mkoa huu una sura nyingine. Mji wenyewe umekaa kwenye uwanda ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku hushuka hadi nyuzi joto 13 au 14 huku upepo mkavu ukivuma mfululizo. Ukipanda kuelekea Kondoa au Singida, baridi inazidi. Mama yangu anaishi Kondoa na huja mjini kwenye kliniki ya kisukari, safari ya takriban kilomita 160 ambayo tunaianza saa kumi alfajiri. Kwa kuwa nyonga zinamsumbua, huketi nyuma, mahali anapoweza kunyoosha mguu, na kiti anachokalia kimelala nje usiku kucha. Ni yeye aliyeniambia Julai moja, tulipokuwa hata nusu ya njia hatujafika, kwamba joto letu linaishia huko huko mbele.

Nilipoanza kulitafutia dawa jambo hilo niligundua kwamba kazi hii inaangukia katikati ya mafundi wawili. Fundi wa siti anajua sponji, kitambaa, leza (ngozi ya siti) na namna ya kukirudisha kiti kikae kama kilivyotoka kiwandani. Fundi umeme wa magari anajua betri, fyuzi na nyaya. Pedi ya joto, yaani kipande bapa cha umeme kinacholazwa chini ya kitambaa cha kiti, inalala katika eneo la yule wa kwanza, waya wake unaishia katika eneo la yule wa pili, na makosa mengi niliyoyaona, likiwamo lililotokea katika gari langu mwenyewe, yalizaliwa pale kazi ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila wawili hao kuzungumza. Kwa hiyo mwenye gari ndiye anayepaswa kuijua kazi nzima, hata kama hatashika bisibisi.

Hata hivyo, kabla ya kununua pedi yoyote, hita ya gari ichunguzwe. Hita ya gari la petroli au dizeli haizalishi joto lake yenyewe. Huazima joto la maji yanayoipoza injini, yanayopitishwa katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kisha feni ikapuliza hewa kupitia hapo. Magari mengi yanayotembea kwetu yameondolewa thamostati ya injini (vali inayoyazuia maji kuzunguka hadi injini ipate joto) na mafundi wanaoamini kwamba katika nchi ya joto kifaa hicho ni cha kukaba maji bure. Matokeo yake ni kwamba alfajiri ya baridi injini haifiki kabisa katika joto lake la kazi, inakula mafuta zaidi, na hita inapuliza hewa ya uvuguvugu hata baada ya nusu saa. Mengine rejeta hiyo ndogo ilivuja, fundi akaunganisha mipira miwili ya maji moja kwa moja na kuiruka, na hita ikafa bila mwenye gari kujua, kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Kurudisha thamostati ni kazi ndogo yenye faida mwaka mzima, na naiweka mbele ya kila kitu nitakachokieleza hapa. Vilevile, baadhi ya magari yana njia za hewa zinazopita chini ya viti vya mbele kuelekea miguuni mwa abiria wa nyuma. Mara nyingi utakuta zimezibwa na kapeti la ziada, mavumbi au chupa ya maji iliyopotea tangu mwaka juzi.

Hita ikishakuwa nzima, bado kiti cha joto kina sababu ya kuwapo. Hewa ya moto huchukua muda kufika nyuma, na ikifika huwa imepoteza nguvu, ilhali pedi iliyo chini ya kitambaa huupa mwili joto kwa kugusana nao, bila kungoja maji ya injini yapate moto. Wazo hili ni la zamani. Cadillac ya Marekani ilianza kuviuza viti vya namna hiyo kama nyongeza ya hiari mwaka 1966, na Saab ya Uswidi ikavieneza katika magari ya watu wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, watengenezaji walianza na viti vya mbele na wengi wakaishia hapo, ndiyo maana hata gari lililoletwa kutoka sehemu za baridi kali za Japani laweza kuwa na swichi mbili za joto kwa ajili ya dereva na jirani yake, na abiria wa nyuma akabaki na sponji tupu.

Pedi zinazouzwa ni za aina mbili. Moja ina waya mrefu mwembamba uliozungushwa kama nyoka kati ya vitambaa viwili. Nyingine ina nyuzi za kaboni zilizopangwa sambamba kati ya mistari miwili ya shaba inayoleta umeme. Tofauti yake inaonekana siku ya ajali ndogo. Waya mmoja mrefu ukikatika, pedi nzima huzimika. Nyuzi za kaboni zikikatika chache, zilizobaki huendelea kufanya kazi, na kwa sababu hiyo hiyo baadhi ya pedi za kaboni huruhusu kukatwa upande mmoja ili zienee kwenye kiti, jambo ambalo haliwezekani kamwe kwa pedi ya waya. Ndani ya kila pedi nzuri kuna thamostati ndogo inayokata umeme joto likizidi. Jambo linalosahaulika ni kwamba thamostati hiyo huhisi pale tu ilipo. Pedi ikikunjamana sentimita 20 kutoka hapo, joto la tabaka mbili litajilimbikiza kwenye kunjo, na thamostati haitajua lolote.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Seti ya kiti kimoja, yaani pedi ya kukalia na ya kuegemea, kwa kawaida hula wati 50 hadi 60. Chukua 60. Kwa volti 12 hizo ni ampea 5, na viti viwili vya nyuma ni ampea 10. (Siti ya katikati sishauri kuiwekea kitu: ni nyembamba, ina vifungo vya mikanda pande zote, na katika magari mengi ndipo kiti kinapogawanyika.) Ampea 10 zinalingana na taa kubwa mbili za mbele zikiwaka kwa pamoja. Hilo ni deni la kweli kwa gari la zamani. Betri ya gari dogo la Kijapani mara nyingi ina uwezo wa ampea-saa 35 hadi 45, kwa hiyo viti viwili vikiachwa vimewaka kwa saa mbili na injini imezimwa vitakuwa vimekula ampea-saa 20, karibu nusu ya betri mpya, na kama betri imekwisha kuchoka, stata haitazunguka.

Injini ikiwa inafanya kazi, deni linahamia kwa alteneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Alteneta za magari haya nyingi zimeandikwa ampea 70 au 80, lakini kiwango hicho hupatikana injini ikizunguka kwa kasi; gari likiwa limesimama kwenye foleni hupungua sana. Hesabu ya alfajiri yenye ukungu huenda hivi: taa kubwa karibu 10, feni ya hita ikiwekwa juu kabisa 15 hivi, waya za kupasha kioo cha nyuma 10 hadi 15, pampu ya mafuta na mfumo wa kuwasha injini na kompyuta yake karibu 10. Tayari ni 45 hadi 50 hata kabla ya redio. Ukiongeza 10 za viti, gari linalokimbia barabara ya Kondoa halitahangaika, lakini likisimama muda mrefu huku kila kitu kimewashwa, betri itaanza kusaidia kulipa. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa katika mzunguko wa chini na vitu vyote vimewaka, weka mita ya kupimia volti kwenye betri. Ikisoma volti 13 na zaidi, mfumo unajitosheleza. Ikishuka chini ya hapo na kuendelea kushuka, alteneta au mkanda wake uangaliwe kwanza, na viti visubiri.

Hapa niseme tahadhari moja kwa wenye Coaster za dizeli na malori: mengi yake yanatumia volti 24. Pedi ya volti 12 ikipewa volti 24 haipati joto mara mbili, bali mara nne, kwa sababu nguvu ya umeme hukua kwa mraba wa volti. Kosa hilo halimpi mtu nafasi ya kujifunza polepole.

Umeme utoke wapi? Swali hili ndilo lililoniharibia kazi mara ya kwanza. Fundi wa siti aliyenifanyia alilaza pedi vizuri sana, kisha kwa nia njema ya kunimalizia kazi akachukua umeme kwenye waya wa taa ya ndani ya gari, kwa sababu ulipita karibu na nguzo ya mlango wa nyuma. Joto lilikuja, nikafurahi. Siku ya tatu gari halikuwaka, kwa kuwa waya wa taa ya ndani huwa na umeme wakati wote, ufunguo uwepo au usiwepo, na swichi ya kiti ilikuwa imesahauliwa. Tulipofungua tukakuta jambo baya kuliko betri iliyokufa: tepu iliyofunika kiungio ilikuwa imelainika na waya wenyewe, uliokusudiwa kubeba balbu ndogo isiyofika hata ampea moja, ulikuwa umebadilika rangi. Fyuzi haikukatika. Ilikuwa ya ampea 15, inayolinda pia vitu vingine, na kwa maoni yake ampea 10 hazikuwa kosa lolote.

Tukio hilo linaeleza kanuni ambayo ningependa kila mwenye gari aielewe: fyuzi hailindi kifaa, inalinda waya. Fyuzi haina habari ya pedi, taa wala redio. Inachojua ni kwamba umeme ukizidi kiwango chake ikatike kabla waya haujaungua. Kwa hiyo waya mwembamba ukifichwa nyuma ya fyuzi kubwa hauna mlinzi. Na ndiyo maana ya onyo la kutobadilisha fyuzi ya 15 kwa ya 30 kwa sababu tu ile ya 15 inakatika kila mara. Fyuzi inayokatika kila mara inatoa taarifa, na kuinyamazisha kwa kuweka kubwa zaidi ni kuuhamishia moto kwenye kapeti.

Watu wengine huvutwa na waya wa kioo cha nyuma, kwa kuwa ni mnene kidogo, uko huko huko nyuma, na huzimika gari likizimwa. Lakini waya huo tayari umebeba mzigo wake wa ampea 10 hadi 15. Ukiubebesha viti, siku utakapowasha vyote viwili utakuwa umeuzidishia karibu maradufu. Tundu la kiberiti cha sigara kwenye dashibodi nalo mara nyingi lina fyuzi ya 10 au 15. Linaweza kutosha kwa pedi ya kiti kimoja ya kutandika juu na kuchomeka, kwa safari moja ya dharura, ila waya wake utaning'inia kati ya viti hadi miguuni mwa abiria, na plagi zake hulegea na kupata moto.

Njia sahihi ni kupeleka waya mpya kutoka betri, ukiongozwa na rilei. Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Ina miguu minne yenye namba: 85 na 86 ni za koili ndogo isiyokula hata robo ya ampea, na 30 na 87 ni za mlango mkubwa unaopitisha umeme mzito. Waya mnene kutoka betri unaingia 30, unatoka 87 kwenda kwenye viti. Koili inachukua umeme wake mdogo kwenye saketi inayokuwa hai ufunguo unapokuwa katika nafasi ya injini kufanya kazi, na upande wake wa pili unakwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Kwa mpango huo ukizima gari rilei inaachia, na viti vinazimika hata kama swichi zake zimesahauliwa. Koili iunganishwe kwenye nafasi ya injini. Ile ya kusikilizia redio haifai, kwani watu hukaa saa nzima wakisikiliza mpira huku injini imezimwa. Fyuzi, ya ampea 15 kwa mzigo wetu wa 10, ifungwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, sentimita 20 hivi, kwa sababu kipande chochote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi kabisa.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Kutoka betri hadi kiti cha nyuma ni kama mita 5. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba utapoteza karibu volti 0.86 kwa ampea 10, na kupotea huko maana yake ni wati 8 na zaidi zinazogeuka joto chini ya kapeti, mahali usipolitaka. Waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 0.34 tu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa sababu ya ule mraba wa volti niliouelezea, kwa waya mwembamba kiti hupungukiwa joto kwa karibu asilimia 13, na kwa mnene kwa asilimia 5 hadi 6. Uwe shaba kweli. Madukani kuna nyaya za spika, nyekundu na nyeusi, zinazoonekana nene kwa bei ndogo, na nyingi ni alumini iliyopakwa shaba; kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, uache. Viungio vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake haitoshi hapa kwetu, kwa sababu gari lililoegeshwa juani mwezi wa Oktoba huyeyusha gundi ya tepu, nayo hujifungua taratibu bila mtu kuona.

Waya ukipita kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria, upite katika tundu lenye mpira. Mtikisiko wa barabara za vumbi unaweza kulifanya bati likate plastiki ya waya kama msumeno. Ndani, ulazwe chini ya plastiki ya kizingiti cha mlango, pasipokanyagwa. Waya wa kurudi kwenye bodi ufungwe katika boliti iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kitupu, lakini usiguse kabisa boliti za mikanda ya usalama. Zile hukazwa kwa nguvu maalumu, na kuweka kipande cha ziada chini yake ni kupunguza uwezo wa kitu ambacho siku moja kitabeba uzito wote wa mtu.

Kiti cha nyuma kina siri nyingine ambayo kiti cha mbele hakina. Katika magari mengi madogo ya Toyota ya aina ya saluni za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, ukinyanyua sehemu ya kukalia utakuta kifuniko cha bati cha mviringo au cha mraba, na chini yake ndipo pampu ya petroli ilipo, ndani ya tangi. Raba ya kifuniko hicho ikizeeka, mvuke wa petroli hupanda. Kwa hiyo kabla ya kuweka chochote chenye umeme hapo, nusa. Kama kuna harufu, kazi isimame hadi chanzo kipatikane. Hata pasipokuwa na harufu, viungio vya waya visiwekwe juu ya kifuniko wala pembeni yake. Vihamishiwe upande wa mlango, na waya ufungwe usiweze kusogea na kusuguana na bati. Kuzidisha tahadhari hapa hakuna hasara.

Magari ya haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, yana sura tofauti na yanastahili fundi aliyesomea. Katika Toyota Aqua betri kubwa ya haibridi iko chini ya kiti cha nyuma, na pembeni ya kiti kuna tundu linalovuta hewa ya kuipoza. Kitambaa kipya, sponji au kava la siti likiziba tundu hilo, betri itapata joto na kuharibika, na gharama yake itazidi mara nyingi faida ya kiti chenye joto. Nyaya za rangi ya chungwa zilizo huko ni za umeme mkubwa unaoua, haziguswi. Mifuko ya hewa nayo, nyaya zake na soketi zake kwa kawaida zikiwa za njano, inadai heshima ya namna hiyo. Baadhi ya magari yana mifuko hiyo ubavuni mwa viti au juu ya milango, na kabla ya kufungua chochote karibu nayo waya wa hasi wa betri uondolewe na mtu asubiri angalau sekunde 90, muda unaoelekezwa na Toyota yenyewe, ili umeme uliohifadhiwa uishe. Upande wa kiti wenye mfuko wa hewa haulazwi pedi wala kushonwa upya, kwa sababu mshono wake umetengenezwa upasuke.

Baada ya hayo ndipo kazi inapofika kwa fundi wa siti. Kitambaa cha kiti hakikugandishwa kwenye sponji. Kimevutwa ndani ya mifereji na kushikwa kwa pete ndogo za chuma. Pete hukatwa, kitambaa hukunjwa nyuma, na pedi hulazwa juu ya sponji ikishikwa na gundi yake, bapa kabisa. Mfereji ukipita katikati, pedi ifuate mwongozo wake wa mahali pa kukunjwa au ichaguliwe ndogo zaidi. Kuulazimisha waya wa joto uingie mferejini ndiyo njia ya uhakika ya kuukata baada ya miezi michache. Sponji lililolika na kubonyea libadilishwe kwanza, kwa maana pedi juu ya shimo hujikunja kila mtu anapoketi. Kiti kinachokunjwa ili kupata nafasi ya mizigo kiachiwe waya wa ziada wenye kitanzi penye bawaba, ndani ya bomba laini, na ukunjwe na kukunjuliwa mara kadhaa mbele ya macho yako kabla kitambaa hakijarudishwa. Pia mwenye gari ajiulize kwa ukweli: kiti hicho hubeba nini siku za kawaida? Kikiwa ndicho kinachobeba gunia la mahindi, ndoo za rangi na kreti za zabibu, pedi haitadumu, na pedi iliyovunjika ndani huweza kufanya doa moja la moto mkali. Kava nene za leza za kuvalisha juu ya siti nazo huzuia joto lisitoke, mwenye gari akalazimika kuliongeza, na pedi ikateseka chini.

Jambo la mwisho ndilo lililonigusa zaidi, na nililijua kwa kuchelewa. Ngozi haiungui kwa moto mkali peke yake. Watafiti Moritz na Henriques walionyesha mwaka 1947 kwamba joto la nyuzi 44 tu, likigusa ngozi mfululizo kwa takriban saa sita, linatosha kuidhuru, na kadiri joto linavyopanda muda huo hupungua kwa kasi. Mtu mzima mwenye afya husogea au huzima swichi muda mrefu kabla ya hapo, kwa sababu anahisi. Lakini kisukari cha miaka mingi huweza kuua hisia za neva, hasa miguuni, aliyepooza hahisi, aliyekunywa dawa za usingizi hahisi. Madaktari wamekwisha kuandika kuhusu wagonjwa waliopooza walioungua makalio na mapaja katika viti vya magari bila kujua. Mama yangu, ambaye kwa ajili yake nilianza kazi hii yote, ni miongoni mwa watu wanaopaswa kuogopewa zaidi kuwekwa juu ya kiti cha namna hiyo.

Sikuiacha kazi, ila niliibadilisha. Nilimuuliza daktari wake kwanza. Kisha fundi umeme akaziunganisha pedi mbili za kiti chake kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, badala ya sambamba. Pedi mbili za wati 30 zilizounganishwa sambamba hutoa 60. Zikifuatana hutoa 15 tu kwa pamoja, kwa sababu kila moja hupata nusu ya volti na hivyo robo ya nguvu. Ni njia ile ile ambayo swichi za zamani zenye ngazi mbili zilitumia kupata joto la chini. Tuliongeza kipima muda kinachokata baada ya dakika 20, na swichi kuu tukaiweka mbele kwa dereva, kwa sababu abiria wa nyuma akilala hana wa kumzimia. Kwa watoto siwashi kabisa. Kiti cha usalama cha mtoto kikifungwa juu ya pedi, mtoto hapati joto lolote la maana kupitia plastiki nene, ilhali miguu ya kiti hicho inabonyeza waya wa pedi kwa nguvu safari nzima.

Kazi ikiisha ijaribiwe gari likiwa halina abiria. Pima ukinzani wa kila pedi kabla haijafunikwa na tena baada ya kitambaa kurudishwa. Pedi ya wati 30 kwa volti 12 isome karibu omu 4.8, na namba mbili zikitofautiana sana, kitu kimekatika au kimebanwa wakati wa kushona. Washa injini, washa viti, pima volti kwenye betri na kwenye soketi ya pedi. Zikipishana zaidi ya nusu volti, tafuta kiungio kibaya. Funika kiti kwa blanketi lililokunjwa, tia kipimajoto chini yake kwa nusu saa, na kwa upande wangu sikubali kizidi nyuzi 40 hivi. Katika muda huo huo gusa waya mahali unapofikika, gusa rilei, gusa kishikio cha fyuzi. Uvuguvugu wa rilei ni wa kawaida, waya unaochoma kidole si wa kawaida. Omu za kila pedi, ukubwa wa fyuzi na mahali ilipofungwa tuliviandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la fyuzi, ili fundi atakayelifungua gari hilo Mei ijayo, kabla baridi haijarudi, aanze kupima kutoka pale sisi tulipoishia.